Matandiko ya bei mbaya: unalipia pamba au unalipia namba?

Mwezi huu meseji za chumbani zimezidi za jikoni, na nyingi zinauliza kitu kilekile kwa njia tofauti, yaani kwanini mashuka, maduveti na vitanda vimefika bei ya kiwanja na je anayelipa hela hizo anapata kitu cha maana. Nimechukua maswali manne.

SWALI: Shikamoo anti. Nimeona mtandaoni seti ya mashuka ya 6 kwa 6, shuka mbili na foronya nne, imeandikwa pamba ya Misri nyuzi 1,500, bei laki sita na nusu. Hela ninayo, nimepokea mchezo na sidaiwi. Mume wangu anasema laki sita kwa shuka ni wazimu. Mimi nimekua nalalia shuka zilizochakaa mpaka unaona godoro, sasa nataka kulala vizuri. Nani yuko sahihi? – Mama wa Mbezi, Dar es Salaam

Marahaba mdogo wangu. Hamu yako haina kosa, nianze hapo, maana naona wanawake wengi wanaona aibu kutaka shuka nzuri wakati kutaka simu mpya hawaoni aibu. Pwani yetu hii watu wametandika kwa fahari toka enzi, foronya za kutarizi kwa mkono, shuka zimefukizwa udi juu ya chetezo mpaka ukifungua mlango harufu inakupokea, asumini zimemwagwa kitandani kwa bi harusi, na udi mzuri nao haujawahi kuwa wa bei chee. Kwahiyo mumeo akisema laki sita ni nyingi ana haki ya kusema, ila neno wazimu alirudishe.

Ninachokikataa mimi ni hiyo 1,500.

Hiyo namba ni idadi ya nyuzi zilizomo ndani ya inchi moja ya mraba, unajumlisha za wima, yaani mtande, na zinazokatiza, yaani mshindio. Mtande 100 na mshindio 100 unapata 200, na hiyo ni shuka halali kabisa. Sasa inchi ni inchi, haitanuki. Ukiwa na uzi mwembamba mzuri unafika 400, ukijitahidi sana 500 na kitu, baada ya hapo nafasi imeisha. Hao wa 1,000 na 1,500 wanafanyaje? Wanachukua vinyuzi vinne kwa mfano, wanavisokota vinakuwa uzi mmoja, halafu wakati wa kuhesabu wanahesabu vinne. Gawa 1,500 yako kwa nne unabaki na 375, tena 375 ya vinyuzi dhaifu vilivyobebana, shuka inakuwa nzito, inashika joto, na kwa Dar mwezi wa pili utaamka umelowa. Mwaka 2005 FTC, ile ofisi ya Marekani inayolinda walaji, iliandika kabisa kwamba kuhesabu hivyo kunaweza kumpotosha mnunuzi, lakini namba zimeendelea kupanda kwa sababu namba inauza, mteja hawezi kushika shuka kwenye simu ila namba anaisoma.

Pamba ya Misri yenyewe ni kitu cha kweli. Ni jamii tofauti na pamba yetu ya Simiyu na Shinyanga, nyuzi zake asilia ni ndefu, zinapita milimita 35 wakati za pamba ya kawaida zinacheza kwenye 25 mpaka 30, na urefu huo ndo unatoa uzi mwembamba usio na ncha nyingi za kuchomoza. Ndo maana shuka yake ni laini mkononi na haioti vile vidonge baada ya kufuliwa. Lakini pamba za jamii hii ni asilimia chache tu za pamba yote duniani, sasa jiulize mbona kila duka la mtandaoni linayo. Hata wakubwa wameshaingizwa mjini, mwaka 2016 maduka ya Target ya Marekani yaliacha kufanya biashara na kiwanda cha Welspun cha India baada ya kugundua shuka na foronya kama 750,000 zilizoandikwa pamba ya Misri zilikuwa na pamba nyingine. Kama wao wenye maabara walipigwa, wewe na picha ya simu utajuaje? (Na inaniuma kwamba pamba yetu sehemu kubwa inaondoka nchini ikiwa marobota, halafu tunarudi kununua poliesta iliyoandikwa Misri.)

Basi fanya hivi. Kabla hujatoa hela mwambie muuzaji akuchomolee uzi mmoja kwenye pindo. Ushike kwa kibano uuchome na kiberiti. Pamba inawaka haraka, inanuka karatasi iliyoungua, na majivu yake ni ya kijivu, ukiyagusa yanasagika. Poliesta inajikunja, inayeyuka, inanuka plastiki na inaacha kitone kigumu cheusi ambacho hakisagiki kwa vidole. Muuzaji akikataa kukupa hata uzi mmoja umeshapata jibu. Ukishajua ni pamba, tafuta ya nyuzi 300 mpaka 400 za uzi mmojammoja, iwe nyepesi, ukiiinua kwenye mwanga ufumaji uwe sawasawa bila mapengo. Hiyo utaipata kwa chini sana ya laki sita na nusu, chenji nunulia mito mipya, maana watu wengi wanabadilisha shuka kila mwaka na mto ni uleule wa toka harusini.

SWALI: Mambo vipi. Kijiweni kwetu Nyegezi tunabishana, kuna klipu inasema Drake yule mwanamuziki analala kwenye kitanda cha dola laki nne, tumepiga hesabu ni kama bilioni moja ya kibongo. Ni kweli au uongo wa mitandao? Na kama ni kweli ndani kuna nini? Mimi ni fundi seremala, kitanda cha mninga nakitengeneza kwa siku chache. Na hivi kuna tandiko lolote ambalo bei yake kubwa ni halali? – Fundi, Mwanza

Poa fundi. Ni kweli. Kinaitwa Grand Vividus, kinatengenezwa na kampuni ya Hästens ya Sweden, kilitoka mwaka 2020 na aliyekichora pamoja nao ni Ferris Rafauli, huyohuyo aliyebuni nyumba ya Drake kule Toronto. Bei iliyotangazwa wakati huo ilikuwa kwenye dola 400,000. Na hao Hästens sio wababaishaji, wameanza 1852 wakiwa mafundi wa matandiko ya farasi, na enzi hizo fundi wa matandiko ya farasi ndo huyohuyo alikuwa anajaza magodoro maana singa za farasi, yaani nywele zake ndefu, alikuwa nazo.

Ndani kuna hizo singa, sufu ya kondoo, pamba, kitani, springi na mbao za msonobari. Kazi ya singa ni nzuri kuitazama, wewe kama fundi ungeipenda. Zinaoshwa, zinasokotwa kamba ngumu, zinaachwa mpaka zikariri ule msokoto, halafu kamba inafumuliwa, kila unywele unatoka umejikunja kama springi ndogo, unabonyea ukilaliwa na kurudi ukiinuka, na unyevu wa jasho unapita katikati badala ya kukaa. Povu haliwezi hivyo. Sufi ya bibi zetu iliweza kiasi, ila ilitaka kuanikwa juani na kuchambuliwa kila ikijibana, na mafundi wa kuichambua siku hizi wa kutafuta.

Sasa tupige hesabu ya kiwandani kwako. Kitanda hicho kinatajwa kuchukua saa 600 za kazi ya mkono. Tuseme kila saa fundi analipwa dola 100, ujira ambao fundi mwenzako popote pale angeufurahia, hapo ni dola 60,000. Weka malighafi dola 40,000, na hapo nimetia chumvi makusudi. Tumefika laki moja. Laki tatu zilizobaki hazimo kwenye singa wala kwenye mbao, hazimo kabisa ndani ya kitanda, ni za jina na ni za raha ya kujua kwamba wengine hawawezi. Mwenye nacho anunue, mimi simkatazi, ila asiambiwe kwamba ananunua usingizi. Usingizi unataka giza, ukimya na mwili upoe, ukiwa na madeni kichwani au jirani ana spika ya harusi hakuna singa itakayokusaidia. Na hapa kwetu kuna jambo linanikera kweli, mtu wa Dar ananunua duveti zito la nchi za baridi, anaona joto, anaweka eisii digrii 16 usiku kucha ili aweze kulala ndani ya duveti, mwisho wa mwezi luku inakula kuliko watoto. Mwanza mna upepo wa ziwa, shuka moja na blanketi jepesi vinatosha.

Uliuliza kama kuna bei kubwa iliyo halali. Ipo, na mimi naitetea kwa moyo mmoja, duveti la manyoya ya bata wa baharini wa Iceland anayeitwa eider. Duveti moja linauzwa maelfu ya dola. Huyu bata hafugwi na hanyonyolewi. Jike anapotaga ananyofoa manyoya laini ya kifuani kwake mwenyewe, anatandika kiota ili mayai yasipigwe na baridi. Wakulima wa pwani ya kule wanamlinda msimu mzima dhidi ya mbweha na ndege wanaokula mayai, wanamwekea vibanda vya kujikinga na upepo, naye anakuja kwao mwaka baada ya mwaka kwa hiari yake. Akishaangua na kuondoka na vifaranga ndo wanakusanya alichoacha. Kuua eider Iceland kumepigwa marufuku na sheria toka karne ya 19. Kilo moja iliyosafishwa inatoka kwenye viota kama 60, na mavuno ya dunia nzima kwa mwaka ni tani chache tu. Ukishika bonge la manyoya hayo haliachiani, kila unyoya una vindoano vidogo unashikana na mwenzake, ndo maana duveti ni jepesi mno na bado linahimili baridi ya kule. Hapo kila dola naiona imekwenda wapi, kwa mkulima aliyekesha na kwa mikono iliyotoa majani na samadi unyoya kwa unyoya. Wewe wa Nyegezi hulihitaji. Ila bei yake nitaitetea mbele ya yeyote, ile shuka ya 1,500 hapana.

SWALI: Asalaam aleikum dadangu. Mimi ni wa Likoni, nafanya kazi ya kutandika vyumba katika hoteli kubwa hapa Muscat. Wageni hutuuliza shuka zetu zanunuliwa wapi ili wazipeleke kwao. Nami nikienda likizo kitandani kwangu sipati ule utamu hata nikinunua shuka za ghali. Siri ni nini? – Msomaji, Oman

Waaleikum salaam mpenzi. Siri ni wewe na wenzako wa dobi. Angalia lebo siku moja ukiwa unatandika, hoteli nyingi kubwa zinatumia shuka za nyuzi 200 mpaka 300 hivi, na nyingi zimechanganywa poliesta kidogo ili zihimili kufuliwa kila siku. Kitambaa ni kile cha uzi mmoja juu mmoja chini, wenyewe wanakiita perkali, kimekaza, kikavu, kinapoa haraka mwilini, sio satini ya pamba ambayo uzi unaruka nyuzi nne ndo unapita chini, ile inang'aa na kuteleza ila ni ya moto zaidi. Halafu shuka imepita kwenye pasi ya mashine ikiwa bado na unyevu, ndo ule ukavu unaousikia unapoingia. Halafu kona umekunja wewe, umevuta mpaka hakuna mkunjo hata mmoja chini ya mgongo wa mgeni, na juu ya godoro kuna tandiko jingine laini ambalo mgeni halioni. Na chumba kina baridi na mapazia yanaziba.

Ukija likizo pita kwenye mitumba pale Kongowea, uliza shuka nyeupe nzito kidogo za hoteli, zikishafuliwa mara nyingi ndo zinakuwa nzuri. Fua, usianike mpaka zikauke kabisa, zitoe zikiwa na unyevunyevu, piga pasi ya moto, tandika unavyotandika huko. Mgeni anayekuuliza duka mwambie ukweli, kwamba akinunua shuka ile ile bila pasi hatapata kitu.

SWALI: Anti, foronya ya hariri ya laki moja na nusu inazuia nywele kukatika kweli? – Mwanafunzi, Dodoma

Inasaidia kidogo, kwa sababu msuguano unapungua kuliko kwenye pamba, hasa kama nywele zako ni za asili na kavu. Ila kinachosaidia ni utelezi, na utelezi hata satini ya poliesta inao kwa elfu chache, kilemba cha satini pia. Hariri ina faida ya kutokuwa ya moto usoni. Ukiamua kununua, uliza uzito wake, hariri inapimwa kwa mome, na mome 19 mpaka 22 ndo inadumu, nyepesi zaidi ya hapo inachanika mapema, na jaribu uzi mmoja kwa kiberiti, hariri ya kweli inanuka nywele zilizoungua. Ifue kwa mkono na maji baridi, sabuni ya unga usiiweke, na ianike kivulini.