Barua kwa mwanangu: hiyo sofa usiipeleke kar wash

Mama,

Nimeona picha ulizotuma jana na nimesikiza ile voisi yako mara mbili. Unauliza hiyo sofa ya velveti ya maruni uliyonunua kwa jirani aliyekuwa anahama hapo Section 58, Nakuru, utaifanyaje, manake inanuka vumbi na maziwa, mikono imekuwa nyeusi, kiti cha katikati kimezama, na kijana wa kar wash amekwambia umpelekee na pikapu aipige maji ya presha vile anapiga makapeti, jioni unaichukua ikiwa safi. Ama uifunike tu na vitambaa uachane nayo. Nakuandikia badala ya kupiga simu ndio uweze kurudia hii kitu ukiwa na beseni mkononi.

Kar wash hapana mama. Kapeti haina kitu ndani, unaitundika maji yanachuruzika mpaka chini na jua linamalizia. Sofa ni kitu kingine. Mimi nimeshona makochi hapa soko la Kibuye tangu kabla uzaliwe na nakwambia vile ziko huko ndani: fremu ni mbao za siprasi ama mkalitusi, juu yake mikanda ya raba imevutwa, halafu gunia, halafu sponji, ndio kitambaa kinakuja mwisho kabisa. Na ule mkono ukiugonga unasikika mgumu ukadhani ni mbao tupu, kumbe mara nyingi ni kadibodi na hadibodi zimepigwa stepo, zile pini za chuma, zikavalishwa sponji nyembamba. Sasa mtu akipiga hapo maji ya presha, kadibodi inakuwa uji, stepo zinashika kutu, na baada ya wiki kadhaa unaona laini za kahawia zinatokea kwa mishono, na hiyo kutu haitoki kwa sabuni yoyote. Sponji nayo inakauka juu, ukiigusa unasema imekauka, lakini katikati imeshika maji siku nyingi.

Kuna mteja aliniletea moja iliyooshwa hivyo, analia ati inanuka kuliko mwanzo. Nilipofungua mgongo gunia lilikuwa na ukungu mweupe kutoka juu mpaka chini na stepo zilikuwa zinavunjikia kwa vidole nikizigusa tu. Mbao ilikuwa nzima, kitambaa kilikuwa kizima, kila kitu cha katikati ndio kilikuwa kimekufa. Kwa hivyo shika hii moja hata ukisahau zingine zote: unaosha kitambaa, huoshi sofa.

Kwanza kabisa kunguni. Nimeona kwa picha bado iko kwa veranda, iache hapo hapo. Chukua tochi ya simu uangalie kwa mishono, chini ya zipu za mito, na pindua sofa uangalie pembe za kile kitambaa cheusi cha chini. Unatafuta vidoti vyeusi na maganda mepesi ya kahawia. Ukiona yoyote hakuna mto hata mmoja unaingia ndani kwa mtoto, nipigie kwanza.

Kama ni safi, anza na vumbi, na usiharakishe hapa, manake watu wengi huharibu kazi kwa hii hatua. Vumbi la huko Nakuru ni la udongo wa volkeno, jepesi sana, linaingia mpaka ndani ya nyuzi, na ukilimwagia maji kabla hujalitoa unatengeneza matope ndani ya kitambaa. Mito toa nje uipige na fimbo ukisimama upande upepo unakotoka. Mwili wa sofa, chukua shuka kuukuu, ilowe maji halafu uikamue mpaka isidondoshe hata tone, tandaza juu ya kiti, ndio upige na mkono ama fimbo juu ya hiyo shuka. Vumbi linaruka linanaswa kwa shuka badala ya kukurudia puani. Ifunue uone vile imekuwa, isuuze, rudia, sogea kwa mgongo, sogea kwa mikono, mpaka shuka itoke bila alama. Pale kati ya kiti na mgongo ingiza brashi ya viatu mpya, huko ndio makombo na karanga za mtoto zinalala.

Ile harufu, nunua baikaboneti ya kuokea keki, nyunyiza sofa ikiwa kavu, iache usiku mzima, asubuhi uipige brashi itoke yote. Usichukue magadi ya kupikia mboga ukidhani ni kitu kimoja, magadi ni makali zaidi na velveti hiyo itaumia.

Halafu sabuni. Makochi yetu ya jua kali hayana lebo ya kukuonyesha kama kitambaa kinataka maji, kwa hivyo jaribu nyuma pale chini pasipoonekana, sugua kidogo na kitambaa cheupe chenye sabuni, kikitoka na maruni simama hapo hapo uniambie. Kikitoka safi, weka vijiko 2 vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa lita 1 ya maji ya vuguvugu, piga na mkono mpaka povu lijae, na unachukua POVU peke yake, maji yanabaki kwa beseni. Sugua polepole sehemu ndogo kama sahani, pangusa na kitambaa chenye maji safi kilichokamuliwa sana, halafu kandamiza na taulo kavu, ndio usonge sehemu inayofuata. Usiruke hiyo ya maji safi, sabuni ikibaki kwa kitambaa inanata na inaita vumbi, mwezi haujaisha ni nyeusi tena na unaanza kusema sofa ni mbaya.

Mikono itakusumbua kidogo. Weusi ule ni mafuta ya watu, ya kujipaka na ya nywele, yameshikana na vumbi. Mwagia poda ya mtoto ikae kama saa moja inyonye mafuta, piga brashi, ndio uende na povu, na ukiona bado, rudia siku ingine badala ya kuongeza nguvu. Velveti ukiisugua kwa hasira inapoteza manyoya na hayo hayarudi. Doa la maziwa nalo tumia maji baridi, usiwahi weka ya moto kwa maziwa ama damu, ya moto yanaishikisha. Harufu ikibaki, vinega nyeupe kikombe 1 kwa vikombe 2 vya maji, kwa kitambaa kilichokamuliwa, na hiyo pia uijaribu nyuma kwanza. Na Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, iweke mbali kabisa, itakula rangi, tena ikikutana na vinega inatoa hewa ya sumu na wewe una mtoto hapo.

Kukausha ndio nusu ya kazi. Anza mapema, saa 2 asubuhi uwe umeshashika beseni, manake mchana upepo wa huko ukiamka vumbi lote linakuja kukaa kwa kitambaa chenye unyevu. Simamisha mito kwa ubavu, upepo upite pande zote mbili, lakini kwa kivuli, jua la moja kwa moja linafifisha maruni. Usiku Nakuru ni baridi, usitegemee kitu kukauka usiku. Ndio maana nakwambia ifanye saa hizi za kiangazi, mvua ya Machi ikianza utakaa na mito mibichi wiki nzima. Ikiwa imebaki unyevu kidogo tu, pitisha brashi laini upande mmoja, manyoya yalale pamoja. Pale yamelala kabisa kwa kukaliwa, chemsha birika, mvuke upite shubiri moja mbali, brashi tena. Utashangaa.

Sasa kile kiti cha katikati. Kila mtu atakwambia ununue sponji mpya, na pengine hata sponji haina shida. Toa mto, bonyeza chini na mkono: ukisikia mkono unazama bila kurudishwa, ni mikanda ya raba imechoka. Pindua sofa, ng'oa stepo chache za kile kitambaa cheusi, uvute mkanda mmoja, ukiona una nyufa ama haurudi basi ni hiyo, na mikanda ni kazi ndogo, fundi anamaliza siku moja. Ikiwa mikanda inavuta vizuri, ndio tuongee sponji, na hiyo unauliza ya hai density, yaani iliyoshikana na nzito, unaikunja kwa mkono mbele ya muuzaji uone inavyorudi.

Vitambaa vya kroshia vya mamako weka, lakini sofa ikishakauka kabisa, na vikae mikononi na pale vichwa vinaegemea, manake hapo ndio mafuta yanaingia na vitambaa unaweza kuvifua kila wiki. Kufunika uchafu navyo usifanye hivyo, unyevu na vumbi vinaendelea kula huko chini.

Nitumie picha ya chini ukishafungua hicho kitambaa cheusi, na ingine ya karibu ya mikanda, piga mchana nione vizuri. Fundi yeyote akikwambia lazima abadilishe kitambaa chote, usimpe hata deposit kabla sijaona hizo picha, hicho kitambaa nimekitazama kwa picha zako na bado ni kizima. Msalimie mtoto.

Babako,
Kisumu