Springi za seti: zinunuliwe au zifungwe kwa mkono?

Maswali mengi ya safari hii yamegusa jambo moja: springi ambazo kiwandani zimeshafungwa pamoja na mabamba, pini au vifuniko vyake, zikaja karakanani kama kitu kimoja. Hapa naziita springi za seti.

Assalamu alaykum fundi. Tuna kikundi cha sabuni ya mwani Kidoti. Mashine yetu ya mkono ya kugonga muhuri ina springi nne chini ya bamba, na muhuri unazama upande mmoja. Muuzaji anatwambia tununue seti ya springi nne zilizofungwa baina ya mabamba mawili, lakini bei yake ni kubwa. Tuinunue?

Waalaykumu ssalamu, bibi. Kabla hamjatoa pesa, zitoeni hizo nne mzisimamishe juu ya kioo, bega kwa bega, kisha lazeni rula juu yake. Mkiona mwanga chini ya rula, mmeshamjua mwenye makosa.

Chukulia kila springi inataka kilo 2 ili ishuke milimita 1. Ikibanwa milimita 10, inasukuma kwa kilo 20. Iliyo fupi kwa milimita 2 inabanwa 8 tu, basi pembe yake inasukuma kwa kilo 16. Kilo 4 hizo zinatosha kuinamisha muhuri, na sabuni mbichi ni laini, inaonesha kila kitu.

Tofauti hiyo huanzia mezani. Springi zikija mfukoni huwa zimenasana. Fundi ana haraka, anazivuta kwa nguvu, moja inatanuka na kubaki ndefu. Nyingine ilishabanwa kupita kiasi siku ya kufungwa, haikurudi urefu wake. Katika seti nzuri springi zimechaguliwa kwa kulingana, kila moja imekaa mahali pake kwenye bamba, hakuna iliyosahauliwa wala iliyopinda. Seti inaondoa makosa ya mkono. Kosa la hesabu haliondoi: ikiwa ngumu kuliko inavyotakiwa, muhuri utakaa sawa lakini mikono yenu itachoka kabla ya adhuhuri. Kwa hiyo msiulize urefu peke yake. Ulizeni inasukuma kilo ngapi ikibanwa kufikia kimo chenu cha kazi.

Kwa mashine moja, ushauri wangu ni kununua springi nne za toleo moja na kuzipima wenyewe. Mkija kutengeneza mashine za kuuzia vikundi vingine, hapo nunueni seti, maana muda wa fundi wa kupima na kurudia kazi nao una bei yake.

Natengeneza makochi Amani. Nimeletewa wavu wa springi uliokwisha fungwa, badala ya kufunga moja moja kwa kamba. Una kasoro?

Kwa makochi ya kipimo kimoja, uchukue. Springi zake zimeshikwa kwa waya uliozunguka na fremu pembeni, kwa hiyo mteja akikaa, uzito unagawika kwa jirani. Ukishaukunjua, uache upumzike usawazike kabla ya kufunika. Na usilaze sponji juu ya waya mtupu, kwani waya utaikata kama msumeno. Tandika tabaka la usumba kwanza. Tunao hapa hapa, na kwa kazi hii naupenda kuliko gunia. Kochi la kupinda au la kipimo cha ajabu bado linataka mkono na kamba.

Nipo Chake Chake. Nimebadilisha sili ya pampu, yaani kizibo kinachozuia maji yasivuje kwenye shafti, ile inayokuja kamili na springi zake ndani. Nimewasha, pampu imelia na kuvuja.

Mwanangu, vile vibamba vidogo vilivyoshika sili ulivitoa? Kazi yake ni kuiweka springi kwenye kimo chake wakati wa kufunga. Fuata maelekezo ya mtengenezaji, lakini kwa kawaida unakaza kwanza bolti za kifuniko, kisha skrubu za pete inayoshika shafti, ndipo unavitoa vibamba na kuizungusha shafti kwa mkono. Ikiwa umewasha navyo vipo, zikague nyuso za sili kabla ya kuirudisha.

Naweza kufungua shokapu ya mbele ya gari yangu, ile iliyokaa ndani ya springi, nikabadilisha springi tu? Nipo Wete.

Bila kibanio maalumu cha springi, usiiguse ile nati ya juu. Springi imebanwa hata gari likiwa juu ya jeki, na nati ikiachia, kifuniko kinaruka usoni. Ikiwa shokapu nayo imechoka, seti nzima ndiyo nafuu. Na silinda ya springi ya breki za upepo za lori usiifungue kabisa, badilisha nzima. Hilo nalisema kwa uzito wote nilionao.

Karakana yetu ipo karibu na bahari, Mkoani. Kutu inakula seti haraka kuliko springi moja moja. Kwa nini?

Kwa sababu ya mianya. Pale mwisho wa koili unapolala juu ya bamba, maji ya chumvi huingia na hayakauki, khasa wakati wa masika. Chuma cha pua kinasaidia, kwa masharti mawili. Mabamba nayo yawe ya chuma cha pua, la sivyo lile la chuma cha kawaida ndilo litakaloliwa kwanza. Tena, springi ya chuma cha pua yenye vipimo vile vile huwa laini zaidi, kwa takriban sehemu moja ya kumi au kidogo zaidi ya hapo, hivyo waya unaongezwa unene kidogo. Narudia, kidogo: waya wa milimita 2 ukifanywa 2.2, ugumu unapanda karibu mara moja na nusu. Mwambie muuzaji akupe kipimo cha nguvu kabla hujaagiza, na zile mlizonazo zisuuzeni kwa maji yasiyo na chumvi, zikaushwe, kisha zipakwe grisi kwenye mianya hiyo.