Kufuli Nzima, Bawaba Mbovu: Maswali na Majibu

Tangu kusi ianze kuvuma maswali yamerundikana. Mlioniuliza namna ya kuingia kwenye WhatsApp ya mke, mume au mchumba, jibu lenu ni lile la mwaka jana na la mwaka juzi: hapana, na msirudi. Sasa tuwasikilize wenye maswali.

Ami, shikamoo. Nasoma kompyuta, mwaka wa pili. Nimetunga njia yangu mwenyewe ya kusimba ujumbe (kuuficha usisomeke bila ufunguo). Nimewapa wenzangu wiki nzima, hakuna aliyeufungua. Naweza kuitumia kwenye programu ya malipo ya boti za mjomba? (Mwanafunzi, Mpeketoni)

Marahaba mwanangu. Usiitumie.

Wenzako wameshindwa kwa sababu nao ni wa mwaka wa pili, walikuwa na wiki moja, na hawakulipwa. AES, njia ya kusimba inayotumika sana, ilifanywa kiwango rasmi cha Marekani mwaka 2001 baada ya mashindano ya miaka kadhaa. Njia 15 ziliwekwa hadharani, mabingwa wa dunia wakazishambulia, na kila aliyeleta ya kwake alikuwa na hamu kubwa ya kuiangusha ya mwenziwe. Yako imepigwa na nani?

Tena jambo hili si geni. Auguste Kerckhoffs aliliandika mwaka 1883: mtambo wa siri lazima ubaki salama hata adui akiuteka, kinachofichwa ni ufunguo peke yake. Njia yako inategemea watu wasijue inavyofanya kazi. Siku utakapogombana na mjomba itakuwaje?

Ichezee upendavyo, maana ndivyo watu wanavyojifunza. Pesa za watu zisimbe kwa maktaba ya programu iliyokwisha kukaguliwa na wengi, libsodium kwa mfano. Na hata hapo usilale. Niliwahi kuletewa programu ya mahudhurio ya taasisi moja ya bara, imetumia AES yenye ufunguo wa biti 256 (biti ni tarakimu ya 0 au 1) barabara kabisa, ila ufunguo wenyewe umeandikwa ndani ya programu, katika kila simu iliyoipakua. Aliyeitengeneza akaniambia, "Hakuna atakayeangalia humo." Mimi niliangalia kwa dakika kumi, kikombe cha kahawa mkononi.

Nasimamia nyumba ya wageni. Tunataka kuacha funguo za chuma tutumie kadi. Muuzaji anasema kadi zake zina usalama wa kijeshi. Ni kweli? (Bi Meneja, Shela)

Jeshi gani, Bi? Muulize hivyo hivyo.

Kisha muulize chipu ya kadi inaitwaje. Akikwambia MIFARE Classic, mpe chai, mshukuru, mfungulie mlango. Kadi hiyo ni ya mwaka 1994, ufunguo wake ni wa biti 48 tu, na njia yake ya kusimba ilikuwa siri ya kampuni. (Mwanafunzi wetu wa Mpeketoni na asome hapa.) Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, waliifumua. Kampuni ikakimbilia mahakamani kuzuia matokeo yasichapishwe, ikashindwa. Leo kadi hiyo hunakiliwa kwa kifaa kinachoingia mfukoni, na bado inauzwa kwa sababu ni rahisi.

Kuna kadi zinazotumia AES, kama DESFire za matoleo ya karibuni. Lakini usinunue kadi nzuri ukaitia kwenye kitasa kijinga. Vitasa vingine havidai ufunguo wowote kwenye kadi. Husoma namba yake ya utambulisho basi, na namba hiyo kadi humtajia yeyote anayeiuliza. Hapo unakuwa umelipia AES ikae bure. Na lile komeo la mbao la ndani msiling'oe.

WhatsApp inasomeka? (Wengi)

Njiani, hapana. Kwenye simu uliyomwachia fundi pamoja na namba ya kuifungulia, ndiyo.

Nimesoma kwamba mtu anaweza kuupata ufunguo ulio ndani ya chipu bila kuzivunja hesabu zake. Haiingii akilini. Kama hesabu ni ngumu, ameupataje? (Fundi wa simu, Langoni)

Hili ndilo swali nililokuwa nikilingoja.

Wewe na mimi tumelelewa kwenye nyumba zilizobanana hadi punda wawili hawapishani uchochoroni. Jirani akikuna nazi unamsikia. Hujabisha hodi, hujachungulia jikoni, lakini mbuzi ikilia kidogo unajua ni wali wa watu wawili. Ikilia tangu saa nne hadi adhuhuri, unajua kuna wageni. Siri ya mtungi aijuaye kata. Na chipu nayo inakuna nazi.

Chukua RSA, njia nyingine ya kusimba, ilivyoandikwa kwa njia ya kawaida ya vitabuni. Chipu huupitia ufunguo biti kwa biti. Ikikuta 0, huzidisha namba kwa yenyewe. Ikikuta 1, huzidisha kwa yenyewe kisha huzidisha mara nyingine tena. Basi 1 ina kazi zaidi kuliko 0, na kazi zaidi ni muda zaidi na umeme zaidi. Mwaka 1996 Paul Kocher alionyesha kwamba muda peke yake unatosha kuutoa ufunguo. Mwaka 1999, yeye na wenzake Joshua Jaffe na Benjamin Jun, wakaonyesha kwamba kwa kupima umeme unaoingia kwenye kadi na kulinganisha vipimo vingi, hata tofauti ndogo iliyozama ndani ya kelele huibuka. Watu wakajifariji kwamba hayo ni ya kadi iliyo mkononi. Mwaka 2003 David Brumley na Dan Boneh wakautoa ufunguo wa seva iliyotumia OpenSSL, maktaba maarufu ya kusimba, kupitia mtandao wa ndani, kwa kupima muda wa majibu tu.

Dawa inajulikana: andika programu ifanye kazi ile ile, kwa muda ule ule, siri iwe nini au isiwe nini. Kuitamka ni rahisi. Lakini programu inayotafsiri msimbo kwenda lugha ya mashine haijui nia yako. Ikiona umefanya kazi "ya bure" huiondoa ili kukuharakishia, na mlango unafunguka tena bila wewe kugusa kitu. Ndiyo maana wanaojua hukagua kilichotoka upande wa pili, si kile walichoandika tu.

Ninyi mnaotengeneza tovuti mnalifanya kosa hili kila siku. Mnalinganisha siri iliyoletwa na siri iliyohifadhiwa kwa alama ya kawaida ya usawa, nayo husimama kwenye herufi ya kwanza isiyolingana. Aliyepatia herufi tano hungoja kidogo zaidi ya aliyepatia mbili, na mwenye subira ya kupima mara nyingi ataiona tofauti. PHP ina hash_equals, Python ina hmac.compare_digest. Nimeyasema haya mara ngapi?

Na msiniletee vyeti vya usalama. Septemba 2024 Thomas Roche wa NinjaLab, Ufaransa, alitangaza kasoro katika maktaba ya Infineon, watengenezaji wa chipu, inayotumika ndani ya YubiKey 5 (kifunguo kidogo cha kuchomeka ili kuthibitisha ni wewe) zenye programu ya matoleo yaliyotangulia 5.7. Hatua moja ya hesabu ilikuwa na muda usio sawa, na mawimbi ya sumaku yaliyotoka kwenye chipu yakaitoboa siri. Kasoro ilikaa miaka 14 na kupita katika tathmini zipatazo 80 za ngazi za juu bila kuonwa. Cheti hukwambia kwamba mtu alipima alichoagizwa kukipima.

Ukiwa na kifunguo hicho usikitupe. Mwizi anahitaji kukishika mkononi, kukifungua, na awe na vifaa vya maelfu ya euro. Bado ni bora mara nyingi kuliko namba ya SMS, ambayo huibwa kwa mtu kusajili upya laini yako kwa kitambulisho cha kughushi.

Nauza tiketi za boti Mokowe–Lamu kwa simu. Kila tiketi ina namba ya siri inayotokana na saa ya kompyuta. Mshirika wangu anataka tubadilishe, mimi naona anapoteza muda. (Mwenye boti)

Mshirika wako ana akili, mwongezee hisa.

Tiketi yako ina saa ya kununuliwa, sivyo? Basi nusu ya kazi umeshamfanyia mwizi. Saa moja ina sekunde 3,600. Hata ukiigawa kila sekunde mara elfu utapata 3,600,000, na kompyuta kuukuu huzimaliza zote kabla boti haijaondoka jeti. Kijana atanunua tiketi moja halali, aone saa yenu inavyokwenda, kisha ajitungie za abiria wa asubuhi nzima.

Usione aibu, wakubwa wamezama papa hapa. Mwaka 2006 toleo la OpenSSL la Debian, mfumo wa kuendeshea kompyuta, liliondolewa mistari miwili, kwa kuwa chombo cha kukagua kumbukumbu kiliilalamikia. Kumbe mistari ile ndiyo iliyokuwa ikimimina unasibu, yaani kutotabirika. Kilichobaki ni namba ya mchakato peke yake, ile ambayo kompyuta huipa kila programu inayoendeshwa, na uwezekano wake hauzidi 32,768 kwa kila aina na urefu wa ufunguo. Mpaka Mei 2008 mashine za dunia nzima zilikuwa zikizaa funguo kutoka kapu hilo moja. Ukiutazama ufunguo mmoja ulikuwa mrefu, umevurugika, unapendeza.

Sony nao, kwenye PlayStation 3. Sahihi ya kidijitali ya aina ya ECDSA hudai namba mpya ya nasibu kila inapotiwa. Wao wakairudia ile ile. Desemba 2010, kwenye mkutano wa wadukuzi Berlin, kundi la fail0verflow lilionyesha kwamba sahihi mbili za namba moja zinatosha kuutoa ufunguo wa siri kwa aljebra ya sekondari. Agosti 2013 kasoro ya unasibu kwenye Android ikawamalizia watu bitcoin zao kwa njia hiyo hiyo.

Kwa hiyo: random_bytes kwenye PHP, secrets kwenye Python. Si rand, wala mt_rand. Hiyo ya pili, aliyeona matokeo yake ya kutosha anaweza kuyataja yanayofuata. Na hukuniuliza hili, lakini hakikisha seva inaichoma tiketi ikishatumika, maana picha ya tiketi moja inatosha ukoo mzima.

Chama chetu cha wavuvi kinahifadhi namba za siri za wanachama kwa MD5. Tuhamie SHA-256? (Mweka hazina, Faza)

Haitawafaa kitu. Zote mbili ni heshi, hesabu inayoisaga siri isirudishike, lakini mwizi huzijaribu siri zote moja moja. Tarakimu nne zina uwezekano 10,000. Hata mkitumia Argon2, heshi iliyotengenezwa iwe nzito makusudi, mkaifanya kila jaribio lichukue nusu sekunde nzima, zote zinakwisha kwa sekunde 5,000, hata saa moja na nusu haijafika. Heshi haiwezi kuikuza siri iliyozaliwa ndogo. Ongezeni ufunguo wa siri katika hesabu hiyo, ukae mbali na hifadhidata, tena ndani ya kifaa kisichoutoa, na fungeni akaunti baada ya makosa matatu. Zile nakala kwenye fleshi iliyo kwenye mtoto wa meza, zichome leo. Zikivuja, sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya 2019 inawapa saa 72 kumwarifu Kamishna.

Kompyuta za kwanta zitavunja kila kitu? (Malindi)

Kompyuta hizo, zinazohesabu kwa kanuni za fizikia ya chembe ndogo, zikikua vya kutosha zitavunja RSA na wenziwe, ndiyo. Viwango vitatu vya kuzikabili vilitolewa Marekani Agosti 2024. Mimi kinachonikosesha usingizi ni kingine: mwishoni mwa 2023 baadhi ya programu za Kyber, njia iliyozaa kimojawapo cha viwango hivyo, zilikutwa na hesabu ya kugawanya ambayo muda wake hutegemea siri. Hesabu mpya, nazi ile ile.

Ami, nimesahau nywila ya diski niliyoisimba. Ndani mna picha za harusi ya binti yangu. Watu wanasema wewe unaweza. (Mama Harusi, Mkomani)

Watu wananipakazia. Iliyosimbwa sawasawa haifunguki kwangu wala kwa yeyote, na usimpe pesa atakayekuahidi. Tumaini lako ni uzembe wa mtengenezaji. Mwaka 2018 watafiti wa Radboud, chuo kile kile cha habari ya kadi, walionyesha kwamba diski kadhaa za SSD za Crucial na Samsung zilizojisimba zenyewe hazikufanya kazi yao sawasawa, na katika baadhi yake nywila haikufungamana kabisa na ufunguo. Bila nywila data ilitoka. Soma jina na namba ya toleo mgongoni mwa diski unitumie. Ikiwa ni mojawapo, ilete, ila si Ijumaa kabla ya saa nane.