Maneno marefu ya Scrabble

Mdogo wangu wa Ngamiani, umeomba maneno marefu ya Kiingereza na maana zake ili uwazime wenzio kwenye Scrabble ya jioni kijiweni, ule mchezo wa kupanga herufi ubaoni ziwe maneno. Hilo floccinaucinihilipilification ulilolitaja, yaani kukiona kitu hakina thamani yoyote, lina herufi 29, na ubao una vyumba 15 tu kila upande. Ni la mbwembwe hilo, mezani halikai. Sesquipedalian, mpenda maneno marefu, lina 14. Linaingia, lakini wewe mkononi una herufi saba.

Kwa hiyo kazana na ya herufi saba. Ukizimaliza zote kwa mkupuo unaongezewa pointi 50. Tazama A, E, I, N, R, S, T: zinakupa retains, anabaki nacho, nastier, baya zaidi, retinas, tando za ndani ya jicho zinazopokea mwanga, na stainer, mpaka rangi mbao. Herufi ni zilezile! Ukizikaribia hizo, usiachie S yako kwa pointi mbili tatu.

La herufi nane, saba zako na moja iliyokwisha kaa ubaoni, lipo moja tamu: quixotry, ushujaa wa kindotondoto. Mwaka 2006 Mmarekani Michael Cresta alilipatia pointi 365 kwa zamu moja.

Halafu safari, bwana na uhuru yanakubalika kama Kiingereza, na hayo huhitaji kukariri, hapo watu wa Tanga tumebebwa. Ila kubalianeni kamusi kabla ya kuchota herufi, maana ubishi wa kijiweni naujua.