Kihisi kikichelewa kuamka, soma kwanza umbo la kosa

Sisi tunaounda vihisi vya unyevu wa udongo hapa Moshi, kifaa kikiacha kutuma data kwa wakati, mkono unakimbilia laptopu. Tunabadili mstari huu wa programu, tunabadili ule, tunapakia upya. Ushauri wangu: laptopu isubiri. Fungua kumbukumbu za kituo cha kupokea, angalia kifaa kinachelewa kwa kiasi gani na kuchelewa huko kunabadilikaje. Kosa la taima, yaani kihesabu cha muda kinachokiamsha kifaa, lina umbo lake, na umbo hilo litakuambia pa kuanzia.

Kosa la namba kamili, lile lile mchana na usiku, mara nyingi ni la programu. Taima ya biti 16 inayoendeshwa na kristali ya hezi 32,768 (kipande kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde) hurudi sifuri kila baada ya sekunde 2. Ukiandika namba ya kulinganisha, ile ambayo hesabu ikiifikia taima hukiamsha kifaa, na hesabu imeshaipita, hata kwa hatua moja, taima haitalalamika. Itamaliza mzunguko mzima ndipo ikiamshe kifaa. Kwa anayetumia LoRaWAN, mtandao wa redio wa vifaa vidogo vilivyo mbali, hilo ni balaa. Kifaa cha daraja A, kile kinachosikiliza baada ya kutuma tu, kwa kawaida hufungua dirisha la kwanza la kupokea sekunde 1 baada ya kutuma, na la pili baada ya sekunde 2. Ongeza sekunde 2 za bure hapo, yote yamekupita. Kifaa kinatuma vizuri ila hakisikii chochote, nawe unabaki kulaumu antena. Zima intarapti (ishara zinazokatiza programu) kwa muda, soma hesabu ya sasa, ongeza muda unaotaka, andika, kisha soma tena uhakikishe hujapitwa.

Kosa linalozidi kukua kadiri saa zinavyokwenda ni la chanzo cha saa yenyewe. Saa ya ndani ya maikrokontrola (chipu inayoendesha kifaa), ile ya RC isiyotumia kristali, inaweza kukosea asilimia 1 au zaidi, na asilimia 1 ni sekunde 864 kwa siku, yaani zaidi ya dakika 14. Kristali yenye kosa la sehemu 20 kwa milioni hukosea kama sekunde 1.7 tu kwa siku. Kwa hiyo kifaa cha kristali kikianza kuchelewa kwa dakika nzima, shuku kwamba kristali imesimama na kifaa kinatumia saa ya ndani. Maikrokontrola ya MSP430 ina bendera, yaani alama, ya hitilafu ya kristali kwenye rejista zake (nafasi ndogo za kumbukumbu ndani ya chipu). Isome, na itume pamoja na data ya udongo.

Huku kwenye vihamba, mashamba ya migomba ya nyumbani, adui mkubwa wa kristali ni unyevu. Mzee mmoja wa Kibosho aliniambia, "Fundi, kidude chako asubuhi kinalala, jua likipanda kinaamka." Maneno yake yalitosha kuniambia nisiguse programu. Nilipofungua boksi chini ya migomba, nilikuta umande ndani ya mfuniko, na kuzunguka miguu ya kristali kuna utando wa kahawia wa fluksi (dawa ya kulehemu) iliyobaki baada ya kulehemu. Saketi ya kristali hii hutumia mkondo mdogo sana, kiasi kwamba utando wenye unyevu unatosha kuuvujisha hadi mtetemo unakufa. Nilisugua kwa mswaki na spiriti, nikakausha, nikapaka vanishi ya saketi, nikabadilisha na mpira wa mfuniko.

Ukitaka kupima, usiguse miguu ya kristali kwa probu (ncha ya kupimia) ya osiloskopu, kifaa kinachoonyesha mawimbi ya umeme. Kristali nyingi za aina hii hutaka mzigo wa kapasita wa pikofaradi 6 hadi 12.5, na probu peke yake inaweza kuongeza kama 10. Utaizima wewe mwenyewe kisha useme ni mbovu. Toa mawimbi ya saa kwenye pini nyingine, upimie hapo. Huna osiloskopu? Washa LED kila baada ya dakika 10 na ulinganishe na saa ya simu. Kosa la asilimia 1 litaonekana mara ya kwanza tu, sekunde 6 nzima.

Joto nalo lina hesabu yake. Kristali hizi huwa sahihi karibu na nyuzi 25, na hupunguza mwendo kukiwa na baridi na kukiwa na joto pia: takriban 0.034 kwa milioni, mara mraba wa tofauti ya nyuzi. Kwa nyuzi 5 utapoteza kama sekunde 1.2 kwa siku; boksi lililochemka hadi nyuzi 55 kwenye tambarare za huku chini lingepoteza 2.6 likikaa hivyo siku nzima. Rekebisha saa kila unapopata jibu kutoka kituoni, na fungua redio mapema kidogo.

Kuna kosa moja ambalo kumbukumbu za wiki moja hazitalionyesha. Kihesabu cha milisekunde cha biti 32 hujaa baada ya siku 49 na saa 17, na programu inayolinganisha nyakati vibaya hukwama hapo hapo. Usisubiri likukute mvua za masika zikiwa zimekata barabara ya shambani. Ukiwa mezani, anzisha kihesabu kikiwa kimebakiza dakika 5 kujaa, uone kifaa kinavukaje.