Usingizi ni wa pono au wa popo?

SWALI: Katika kundi letu la WhatsApp mwenzetu mmoja aliandika kwamba mlinzi "alilala usingizi wa pono" hadi wezi wakamaliza shughuli zao. Mwingine akamsahihisha: eti ni "usingizi wa popo", kwa kuwa popo hulala mchana kutwa. Nani yuko sahihi? Na kama ni pono, ndiye nani huyo, na wakiwa wengi tuwaiteje? (Msomaji, Singida)

JIBU: Mlinzi alilala usingizi wa pono. Popo Kiswahili kinamsema kwa mengine: hajulikani kama ni ndege au mnyama, analala kichwa chini miguu juu. Kwa usingizi mzito hatumtaji. Nadhani nahau hii ilipanda bara bila samaki wake. Aliyekulia kwenye sato na kambale hajapata kumwona pono, basi sikio lake likamtafutia mnyama anayemfahamu.

Pono ni samaki wa kwenye matumbawe. Jina hilo moja limebeba jamii nzima, aina zinazokaribia 100 duniani, na pwani yetu inao wengi. Baadhi yao hukaa zaidi kwenye nyasi za bahari kuliko kwenye miamba. Wavuvi huwatoa kwenye madema pamoja na tasi na changu. Utamtambua kwa mdomo: meno yake yameshikana yakawa kitu kimoja kigumu, na kwa hayo hukwangua mwani na viumbe vidogo vilivyo juu ya mwamba, mara nyingi na mwamba wenyewe. Kooni ana meno mengine ya kusagia. Anachokisaga kinatoka nyuma kikiwa mchanga, kwa hiyo sehemu ya ule mchanga mweupe wa visiwa vya matumbawe unaosifiwa na watalii imepitia tumboni mwa pono. Kazi hiyo ina faida kubwa zaidi ya mchanga. Mwani ukiachwa utawale mwamba, matumbawe machanga hukosa pa kushika.

Sasa usingizi. Mchana kutwa pono hatulii, ni kukwangua tu. Jua likizama hujipenyeza kwenye upenyo wa mwamba, na hapo hulala kwelikweli: mzamiaji mwenye tochi anaweza kumsogelea karibu kabisa asishtuke. Macho yako wazi, maana samaki huyu hana kope za kufumba. Baadhi ya aina (si zote) hujifunika pia. Tezi zilizo karibu na matamvua hutoa ute, ute huo hutanuka polepole hadi umemzunguka mwili mzima, naye akalala ndani yake kama aliye ndani ya chandarua. Mfano huo si wa kupamba tu. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba ute huzuia harufu yake isimfikie mkunga anayewinda usiku. Kisha watafiti katika kisiwa cha Lizard, Australia, waliwatoa baadhi ya pono kwenye ute wao bila kuwaamsha, wakawaweka pamoja na wadudu wadogo wa baharini wanaofyonza damu, ndugu wa kamba na kaa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba wasio na ute walishambuliwa karibu wote, asilimia 94. Wenye ute asilimia 10 tu. Na tazama jinsi jaribio lenyewe linavyoithibitisha nahau: samaki anavuliwa shuka usiku na haamki!

Lakini usingizi huo una gharama. Katika Visiwa vya Solomon na kwingineko Pasifiki, pono mkubwa mwenye nundu kichwani, anayeweza kufika urefu wa mita 1.3, amepungua sana kwa sababu wavuvi wenye tochi na bunduki za mishale humkuta amelala na wenzake.

Kwa hiyo, tukirudi kwenye matumizi, nahau hii inapima kina cha usingizi. Mlinzi wenu imemfaa: aliibiwa na hakusikia. Imewafaa pia mabeki wa magazeti ya michezo, wale ambao kila wiki "wanalala usingizi wa pono" mpira ukiwapita. Wapo wanaoitumia kwa mtu mvivu anayesinzia ofisini. Siwezi kuwakataza, ila mimi ningechagua neno jingine, kwani pono ni mchapakazi na anayesinzia ovyo hana usingizi wa pono bali wa mang'amung'amu. Ukitaka kisawe cha haraka, "amelala fofofo" inatosha.

Wingi wake ni pono vilevile. Tofauti utaiona kwenye upatanisho: pono huyu amenaswa, pono hawa wamenaswa. Hata akiwa kikaangoni anabaki "huyu". "Pono hii tamu" utaisikia sana mitaani, hasa Kenya, lakini ukiandika andika "pono huyu mtamu". Ile "wa" ya "usingizi wa pono" imefuata usingizi, haimhusu samaki, ndiyo maana haibadiliki hata waliolala wakiwa kumi.

Upatanisho huo unatusaidia kwa jambo jingine. Pono wa aina nyingi huanza maisha akiwa jike mwenye rangi iliyofifia, kahawia au kijivu, na baadaye baadhi yao hugeuka madume ya kijani na buluu ya kung'aa. Zamani hata wataalamu walizipa rangi hizo mbili majina tofauti, wakidhani ni samaki wawili. Kwa Kiswahili unasema "alikuwa jike, sasa ni dume" na sentensi haikwami popote, kwa kuwa "a-" haiulizi jinsia.

Ombi moja kwa wanaotafsiri vipindi vya wanyama: naona "samaki kasuku" inaanza kuenea kwenye maandishi ya chini ya skrini. Mdomo unafanana na wa kasuku, sawa, lakini samaki huyo ana jina lake tangu zamani, na mvuvi yeyote wa pwani atakutajia.