Mgombea anayesifu kura, muulize kuhusu karani

Swali la jarida wiki hii: mwanasiasa akisimama jukwaani na kusema anaamini haki ya kila raia kupiga kura na utumishi safi wa umma, Mkenya ampime kwa lipi?

Kwangu, aachane na haki amuulize kuhusu watu wa ofisini. Haki ya kura haina mpinzani hadharani. Hata anayekusanya vitambulisho vya watu usiku ili wasipige kura huisifu mchana. Lakini kura haijisimamii. Karani anakuandikisha, msimamizi wa kituo anakupa karatasi, polisi analinda sanduku, na kabla yao wote kuna chifu na msajili wa watu ambao bila wao hupati kitambulisho. Wawe wa kudumu au wa siku chache, wanafanya kazi ya umma. Ndiyo maana sioni maswali mawili hapa. Mwanasiasa anayetaka ajira za serikali ziende kwa "watu wetu", kisha anadai uchaguzi wa haki, anabomoa kwa mkono wa kushoto anachokijenga kwa wa kulia.

Tuanze na kitambulisho, kwa sababu huko ndiko wengi wanakopotelea. Kifungu cha 38 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia mtu mzima haki ya kuandikishwa, kupiga kura ya siri na kugombea. Kifungu cha 83 kinaongeza kwamba taratibu za kiofisi ziwe za kumrahisishia raia anayestahili, si za kumnyima. Maneno mazuri hayo. Ila ili uandikishwe ni lazima uwe na kitambulisho cha taifa au pasipoti halali, tena chenyewe, si nakala, na ile karatasi ya kusubiria haikubaliki. Kijana aliyetimiza miaka 18, akaomba kitambulisho, akazungushwa hadi sajili ikafungwa, amekosa kura bila mtu yeyote kumkataza kupiga. Hakuna kesi, hakuna wa kulaumiwa, na takwimu za uchaguzi hazimwoni kabisa.

Kwa jamii fulani mlango huu umekuwa mzito zaidi. Wamakonde wa Kwale waliishi Kenya kwa vizazi kadhaa, na wengi wao walipata vitambulisho kwa mara ya kwanza mwaka 2017. Katika kaunti za mpakani waombaji walipigwa msasa, yaani kuchunguzwa uraia wao, na kamati za wazee na maafisa, zoezi ambalo Wakenya wa sehemu nyingine hawakulijua hata kwa jina. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kuuondoa msasa huo. Mgombea akilitaja tangazo hilo kama ushindi wake, asipigiwe makofi bado. Aulizwe: katika ofisi ya msajili ya eneo hili, ombi linachukua siku ngapi, na linakwama meza gani? Mara nyingi hukwama kwa jambo dogo. Jina la mzazi kwenye cheti cha kuzaliwa limepishana herufi moja na lililo kwenye kitambulisho chake. Alama za vidole zilichukuliwa vibaya na fomu ikarudishwa. Karani ni mmoja na yuko likizo. Mwanasiasa anayejua kazi yake atakuambia ni lipi kati ya haya linawasumbua watu wake. Asiyejua atakuambia "serikali inalishughulikia".

Baada ya kitambulisho inakuja sajili. Kisheria uandikishaji ni wa kudumu, si wa msimu: Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, inapaswa kuandikisha wakati wote isipokuwa katika siku 60 za mwisho kabla ya uchaguzi. Anayetaka kuhamisha kura yake kwenda kituo kingine anatakiwa kufanya hivyo mapema zaidi, si chini ya siku 90 kabla. Kwa kawaida huduma hii ya kila siku iko kwenye ofisi ya tume ya eneobunge. Sasa fikiria eneobunge kama North Horr huko Marsabit, ambalo kwa ukubwa linazishinda kaunti kadhaa. Mtu anayehitaji kutwa nzima barabarani ili abonyeze kidole mashineni atangoja kampeni ya uandikishaji wa halaiki, nayo hutegemea fedha ambazo Bunge limeipa tume. Kwa hiyo mbunge anayelalamika kwamba vijana hawajiandikishi ana swali la kujibu kuhusu bajeti aliyoipitisha yeye mwenyewe.

Sajili imekua: wapiga kura milioni 14.3 mwaka 2013, milioni 19.6 mwaka 2017, milioni 22.1 mwaka 2022. Waliojitokeza wamekuwa wakipungua kwa kiwango, kutoka takriban asilimia 86 mwaka 2013 hadi takriban 65 mwaka 2022. Wanasiasa husema ni uvivu. Mimi naona ni jibu kwa huduma waliyopata kati ya uchaguzi mmoja na mwingine, ingawa hilo ni suala la kubishania. Lisilobishaniwa ni mtindo wa kubeba watu kwa mabasi wakati wa uandikishaji ili wahamishie kura zao kwenye wadi ya bwana mkubwa. Sheria inaruhusu kuhamisha kura. Mgombea anayekulipia nauli ya kuhama amekuomba umsaidie kuwazidi kura wakazi wa pale, na kesho atataka karani afumbe macho.

Hapo tunaingia kwenye utumishi wa umma wenyewe. Kifungu cha 73 kinasema mamlaka ya afisa wa serikali ni dhamana, nayo inampa wajibu wa kuwatumikia watu badala ya uwezo wa kuwatawala. Kifungu cha 232 kinataka ajira za umma zitolewe kwa ushindani wa haki na ustahili. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008 inaweka kipimo kinachohesabika: taasisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Kwa kaunti, sheria ya serikali za kaunti inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuingilia kazini ziende kwa watu wasio wa jamii kubwa ya kaunti hiyo. Muulize anayetaka ugavana hali ya sasa ni ipi na ataifikisha wapi. Ukipata hotuba bila tarakimu, umejibiwa.

Muulize pia kuhusu bodi ya utumishi wa umma ya kaunti. Wanachama wake hupendekezwa na gavana na kuidhinishwa na bunge la kaunti, na muhula wao ni miaka 6 isiyorudiwa, yaani mmoja zaidi ya muhula wa gavana. Muda huo ndio kinga yao. Gavana anayeingia akakuta bodi ya mtangulizi wake hushawishika kuizunguka: huajiri vibarua na watu wa mikataba mifupi bila tangazo, baadaye huwaingiza kwenye ajira ya kudumu kwa mkupuo mmoja. Ndipo orodha ya mishahara inavimba, wafanyakazi hewa wanapata pa kujificha, na karani aliyepewa kazi kwa barua ya mwanasiasa anajua deni lake litadaiwa lini.

Kwa mbunge kipimo ni basari. Pesa za basari za eneobunge ni za umma. Zikigawiwa kwenye mkutano wa kampeni, hundi ikiwa na picha ya mheshimiwa, mzazi ameambiwa kimyakimya kwamba karo ya mtoto ni hisani ya mtu. Anayechukulia utumishi kwa uzito atataka orodha ya waliopata, kiasi, na vigezo vilivyotumika vibandikwe kwenye ofisi ya eneobunge, hata kama yumo mtoto wa mpinzani wake. Sijasikia wengi wakiahidi hilo.

Kuna kanuni nyingine inayofaa kumpima nayo. Mtumishi wa umma anayetaka kugombea lazima ajiuzulu angalau miezi 6 kabla ya uchaguzi. Kwa ule wa 9 Agosti 2022, tarehe ya mwisho ilikuwa 9 Februari. Lengo ni kumzuia asifanye kampeni kwa gari, mafuta na muhuri wa ofisi. Lakini sheria imewasamehe wanaoshikilia viti vya kuchaguliwa, kwa hiyo gavana au mbunge anayetetea kiti hubaki na gari lake hadi siku ya kura. Chifu naye hana ruhusa ya kumpigia mtu debe, ila anaweza kuitisha baraza na "mgeni" akafika. Muulize mgombea kama atakataa baraza la namna hiyo likiwa limeandaliwa kwa ajili yake. Kulikataa la mpinzani hakumgharimu kitu.

Kama mtu bado anadhani utumishi wa umma na kura ni mambo mawili, aangalie Banissa, kaunti ya Mandera. Mbunge wake alifariki Machi 2023. Kwa kawaida uchaguzi mdogo hufanyika ndani ya siku 90 baada ya kiti kuwa wazi. Lakini IEBC haikuwa na makamishna tangu mwanzoni mwa 2023 hadi Julai 2025, na bila wao hapakuwa na wa kuuitisha. Watu wa Banissa walipiga kura Novemba 2025. Hakuna aliyewafutia jina kwenye sajili. Viti vya watumishi wachache jijini Nairobi vilikaa vitupu huku wanasiasa wakivutana, na eneobunge zima likakosa sauti bungeni kwa zaidi ya miaka miwili na nusu. Kila mbunge wa kipindi hicho anastahili kuulizwa alifanya nini.

Kwa haraka kuhusu wafungwa na Wakenya wa ughaibuni: makundi yote mawili hupiga kura ya urais tu, na kwa wa ughaibuni ni katika nchi chache zilizoteuliwa, 12 mwaka 2022. Mgombea anayesema "kila raia" aeleze kama hao wamo. Kuhusu kumwondoa mbunge kabla ya muhula kwisha, Kifungu cha 104 kinawapa wapiga kura haki hiyo, lakini mwaka 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha vipengele muhimu vya sheria iliyokusudiwa kuitekeleza. Muulize aliyeko bungeni kama amefanya lolote kuziba pengo hilo. Jibu huwa fupi.

Mwisho wa yote ni kituoni, na hapa mgombea makini hujulikana kwa urahisi kuliko kwingine kote. Kituo kimoja hakipaswi kuzidi wapiga kura 700, ndiyo maana shule moja inaweza kuwa na vituo vitano, majina yakigawanywa kwa herufi. Wazee wengi husimama kwa muda wa saa tatu kwenye foleni isiyo yao. Mgombea akiweka mtu getini, asiye na fulana ya chama, wa kusaidia kusoma majina yaliyobandikwa, anaokoa kura nyingi kuliko lori la muziki.

Ndani, mashine ya KIEMS inasoma alama za vidole. Mikono ya wakulima na ya wavunja kokoto huchubuka, na mashine haiisomi. Hilo halimnyimi mtu kura: karani hutafuta kwa nambari ya kitambulisho, taarifa za mpiga kura zikitokea msimamizi wa kituo anajaza Fomu 32A mbele ya mawakala wa wagombea, kisha mpiga kura anapewa karatasi zake 6. Kinachoharibika ni kwamba karani amechoka au wakala haijui fomu hiyo, anapiga kelele "mnaiba!", na mama wa watu anarudishwa nyumbani. Asiyeweza kujipigia anaruhusiwa kuja na mtu mzima anayemwamini, na msaidizi humsaidia mpiga kura mmoja tu. Akikosa msaidizi, msimamizi wa kituo humpigia mawakala wakiona. Aliyekosea alama anaweza kuomba karatasi nyingine, ila kabla hajaitumbukiza sandukuni.

Saa kumi na moja jioni mlango unafungwa, lakini waliokuwa kwenye foleni wanamaliza. Kura ya urais huhesabiwa kwanza na kuandikwa kwenye Fomu 34A. Msimamizi anatia sahihi, mawakala wanatia sahihi na kupata nakala, moja inabandikwa mlangoni, na picha yake inatumwa kwa KIEMS. Kutoka hapo Fomu 34B za maeneobunge 290 hujumlisha, kisha 34C ya taifa. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ilishikilia kwamba matokeo ya eneobunge ni ya mwisho, na tarehe 1 Septemba mwaka huo Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wa urais. Mwaka 2022 tume iliweka picha za fomu kutoka vituo zaidi ya 46,000 hadharani mtandaoni. Tangu hapo mwanasiasa hana sababu ya kudai wizi bila kutaja kituo.

Wakala kukosa kutia sahihi hakufuti matokeo peke yake. Kwa hiyo anayemwamuru wakala wake asitie sahihi kwa hasira hajapata kitu, na huenda akaondoka bila nakala. Makosa ya kweli huwa madogo na ya hesabu: tarakimu zimepandishwa mstari, kura zilizokataliwa zimejumlishwa na halali, jumla haifanani na karatasi zilizotoka. Wakala mwenye kalamu na anayejua kujumlisha anayaona hapohapo na kuomba ihesabiwe upya kituoni. Vyama vingi huwapa mawakala kofia na posho ya chakula, kisha siku ya saba baada ya matokeo kutangazwa, muda wa kuwasilisha pingamizi la urais unapoisha, vinaanza kuwatafuta kwa simu.

Basi aliyegombea 2022 na anayerudi kuomba kura tarehe 10 Agosti 2027 ana swali moja la ziada: mawakala wake walirudi na nakala ngapi za fomu kutoka vituo vya hapa, na leo ziko wapi?